Kurasa za Nyuma za Madaftari ya Dada

Kwa miaka yote niliyofundisha Kiswahili sekondari, hakuna kosa nililolichukia kama kuangalizia. Mwanafunzi akikosea ngeli nilimrekebisha, akichelewa nilimkaripia yakaisha. Lakini nikikuta insha mbili zinazofanana nilizipa sifuri zote mbili, nikawasimamisha wenyewe mbele ya darasa na kuwaita wezi. Nilikuwa na ulimi mkali na nilijivunia ulimi huo. Nayasema haya mapema ili anayesoma asije akadhani nilichofanya nilikifanya kwa kutojua.

Kwetu, upande wa Chemba, hazikwi mtu bila wasifu. Ukoo wetu una Wakristo na Waislamu. Wakristo huusoma kabla jeneza halijashushwa, Waislamu huusoma siku ya hitima, lakini wasifu ni ule ule: alizaliwa lini, alisoma wapi, alioa nani, aliugua nini, ameacha watoto wangapi. Anayeusoma kwa kawaida ni mwanamume mwenye sauti. Aliyeuandika, kwa zaidi ya miaka thelathini, alikuwa dada yangu mkubwa.

Dada aliishia darasa la saba. Mimi nilisomeshwa, yeye akabaki kijijini kulima alizeti na kuwauguza wazazi wetu mpaka wakaondoka duniani. Kukitokea msiba alifika na kauntabuku lake kwapani, akakaa na wafiwa jikoni wala si sebuleni, akauliza maswali madogo madogo huku akichambua mchele pamoja nao. Alisema mfiwa akiwa na kazi mkononi hasemi uongo. Kisha aliandika kwenye kauntabuku, akanakili kwenye karatasi safi na kumpa msomaji. Watu wakitoka makaburini walimpongeza msomaji. Alipofariki mama nilisoma mimi, ingawa ni mwanamke, kwa kuwa ni mwalimu, na nilizipokea pongezi zote bila kumtaja Dada, ambaye wakati huo alikuwa anaosha masufuria.

Jambo ambalo wengi hawakulijua ni kwamba kila kauntabuku Dada alilitumia pande mbili. Mbele aliandika wasifu unaosomwa. Akaligeuza, akaanzia nyuma, na huko aliandika yale yasiyosemeka mbele ya jeneza: mtu aliyejinyonga tukasema aliugua ghafla, mke aliyerudishwa kwao, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Aliyemweleza alitia sahihi, au dole gumba kama hajui kuandika.

"Siku ya kuzika siyo siku ya kumvua mtu nguo," aliniambia nilipomuuliza. "Ila lazima liandikwe mahali, mdogo wangu. Watu wasije wakaumizana baadaye."

Nilipostaafu nilihamia kwenye nyumba yangu Nzuguni, Dodoma mjini, nikakuta siku ni ndefu kuliko nilivyodhani. Nikajiambia nitaandika historia ya ukoo. Nilipanda basi la Kondoa, nikashuka njiani, nikaenda kwa Dada kumwomba madaftari yake mawili ya mwisho. Nilimwambia nataka kuangalia tarehe tu. Aliyafunga kwenye kipande cha kanga, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Usiyakalie sana," alisema.

Nilianza kwa nia njema, naapa. Wiki mbili za kwanza niliandika kwa maneno yangu, kwenye kompyuta aliyoniachia mwanangu. Kila nilichoandika kilikuwa kikavu. Kilikuwa sahihi, kila mkato mahali pake, na hakuna mtu aliyekuwa anapumua ndani yake. Halafu nafungua daftari: Dada, mwanamke wa darasa la saba, ameandika hivi kuhusu mama: "Alipika chakula kingi kuliko watu waliokuwepo, na aliyechelewa hakuulizwa alikuwa wapi." Nikaichapa sentensi hiyo. Nikachapa na iliyofuata. Wivu ulinishika, na sioni sababu ya kuuita kwa jina lingine. Mimi ndiye niliyesomeshwa, mimi ndiye niliyelipiwa ada za kujifunza kuandika, na aliyejua kuandika alikuwa yeye.

Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa nimechapa kurasa zote za mbele, mwanzo hadi mwisho. Penye "alifariki" nikaweka "aliaga dunia", hila ile ile ya wanafunzi wangu, ambayo nilikuwa naigundua kabla sijavaa miwani. Nilijitetea moyoni. Nilisema maneno yaliyosomwa mbele ya kijiji kizima hayana mwenyewe. Nilisema wafu ni wetu sote. Kama mwanafunzi angenipa utetezi huo ningemtoa nje ya darasa.

Kurasa za nyuma nilizisoma pia, zote, siku moja mchana. Habari ya kaka yetu ilikuwa fupi. Kaka alikuwa katikati yetu, mimi na Dada: mdogo wa Dada, mkubwa wangu mimi. Wasifu wake, ule wa mbele, ulisema ameacha mke na watoto watano. Nyuma, Dada alikuwa ameandika kwamba yupo wa sita, wa kike, aliyezaliwa na mwanamke wa Kondoa, na akamtaja kwa jina la nyumbani tu, lile Kaka alilozoea kumwita. Chini yake: "Shamba la kando ya korongo ni lake. Amesema mwenyewe akiwa na akili zake." Na chini kabisa sahihi ya Kaka, imepinda kwa ugonjwa, lakini ni yake. Nikafunga daftari. Nilijiambia kwamba hayo ni mambo ya ndani, hayahusiani na historia.

Kitabu kilichapishwa mjini, jina langu kubwa kwenye jalada. Kwenye ukurasa wa shukrani niliandika mstari mmoja: namshukuru dada yangu kwa kunisaidia tarehe. Kwenye ukurasa wa pili nilitaka maneno ya sheria, maana kitabu bila hayo hakionekani kitabu. Nikachukua kitabu kimoja cha kiada rafuni, nikafuatisha: haki zote zimehifadhiwa, hairuhusiwi kunakili sehemu yoyote bila idhini ya mwandishi. Hata onyo la kutonakili nililinakili.

Watu walinifurahia. Shule niliyostaafu iliweka nakala maktaba. Kanisani nikaanza kuitwa mwandishi, na nilikuwa nageuka haraka nikiitwa hivyo.

Nakala ya Dada nilimpelekea mwenyewe. Alikaa nayo mlangoni siku nzima, akiisogeza mbali na karibu na macho. Kesho yake, tunakunywa chai, ndipo alipoongea.

"Haya maneno nayafahamu," alisema.

"Ni ya ukoo, Dada."

"Ya ukoo, ndiyo. Ila ukoo haukukaa na wafiwa. Nilikaa mimi." Akakoroga chai yake ambayo haikuwa na sukari ya kukoroga. "Jina langu sikudai. Halikuwahi kutajwa, nimezoea. Ninachouliza ni hiki: umeyachukua ya mbele, ya nyuma umeyaacha. Kwa nini?"

Nikamwambia vitabu haviandikwi hivyo.

"Kaburini kwa kaka yako wote tulikuwa tunajua," alisema. "Tuliposema watoto watano, kila aliyesimama pale alijua ni sita. Hata yule binti mwenyewe alikuwepo. Nilimfuata asubuhi nikamwomba radhi, nikamwambia wewe umeandikwa. Sasa hiki kitabu chako kitasomwa na wasiojua. Nani kati yao atajua kuna wa sita?"

Alikuwa na haki na nilijua ana haki, na kwa sababu hiyo nikakasirika. Nilimwambia ana gere. Nilimwambia mtu mzima, dada yangu, aliyeniogesha utotoni, kwamba ana gere kwa sababu sikuweka jina lake. Aliniomba madaftari yake, nikasema nitayaleta. Sikuyaleta mwezi ule wala uliofuata. Niliogopa kwamba mtu akiyaweka kando ya kitabu changu, hata dakika tano hazitaisha kabla hajajua.

Halafu ardhi ikapanda. Tangu serikali ihamie Dodoma na lami ipite, watu wa mjini wanakuja hadi huko kwetu kutafuta mashamba, na watoto wa Kaka, ambao kwa miaka mingi hawakujua hata mipaka ya shamba la baba yao, wakakumbuka kwamba mirathi haijafunguliwa. Wakaitisha kikao cha ukoo. Kwetu mahakama haianzi bila muhtasari wa kikao hicho: warithi ni hawa, wanaukoo wamekubali, sahihi zao hizi hapa.

Dada wakati huo alikuwa amelazwa Dodoma, presha na figo, na mimi ndiye niliyekuwa karibu naye. Siku moja kabla ya kikao alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa umevimba.

"Mimi siwezi kwenda," alisema. "Lipeleke lile daftari la kaka yako. Waonyeshe sahihi. Usiseme kitu kingine, waonyeshe sahihi tu."

Nilimwambia nitalipeleka. Asubuhi nilifungasha mkoba, daftari ndani. Nikatoka mpaka barabarani. Nikarudi nyumbani, nikalitoa, nikaliweka kabatini chini ya mashuka, nikaenda na kitabu changu.

Kikao kilikaa uani kwa marehemu Kaka, kwenye viti vya plastiki vya kukodi. Mwenyekiti wa kijiji alikuwepo, na wazee wa ukoo, na wale watoto watano. Yule wa sita alikuja peke yake kutoka Kondoa, amejitanda mtandio mweusi, mwanamke wa umri wa kati sasa, anauza vitambaa sokoni. Ana paji la uso la kaka yangu. Alizunguka akisalimia wakubwa mmoja mmoja, akafika kwangu akainama.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba," nilisema.

Mtoto wa kwanza wa Kaka alisimama na kitabu changu mkononi. Alisema hakuna haja ya maneno mengi, historia ya ukoo imeshaandikwa na mtu msomi, na kila mtu anaweza kuisoma. Akasoma ukurasa wa baba yake. Ulikuwa unagusa moyo, mzee mmoja alifuta macho. Akafika kwenye "ameacha mke na watoto watano," akafunga kitabu.

Binti wa Kondoa alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba shangazi mkubwa aliyelazwa anayo maandishi yenye sahihi ya baba yake kuhusu shamba la kando ya korongo, naye aliyaona kwa macho. Aliomba kikao kimsubiri apone.

Mwenyekiti akanigeukia. "Mwalimu, hiki kitabu umekiandika wewe?"

"Nimekiandika mimi."

"Kwa utafiti wako? Hukuchukua kwa mtu?"

Watu wote walikuwa wananitazama. Kulikuwa na jibu moja la kweli, na lilikuwa fupi. Ningesema nilinakili kwa Dada, na daftari liko kabatini kwangu, na nyuma yake kuna mtoto wa sita. Yote yalikuwa kamba moja, ukivuta ncha moja yanakuja yote. Nikafikiria maktaba ya shule. Nikafikiria wanavyoniita mwandishi.

"Kwa utafiti wangu," nilisema.

"Na watoto ni wangapi?"

"Kama nilivyoandika."

Binti yule hakulia wala hakubishana. Alinitazama kidogo, kama mtu anayehakikisha amesikia sawasawa, kisha akainamia mkoba wake akatafuta kitu ambacho nadhani hakikuwemo. Muhtasari ukaandikwa, warithi sita: mke na watoto watano. Na mimi nilitia sahihi.

Jioni ile ile nilipitia hospitali. Dada alikuwa macho.

"Umelipeleka?"

"Nimelipeleka."

"Wakaisoma sahihi?"

"Wakaisoma."

"Mtoto amepata shamba lake?"

"Amepata."

Alifumba macho, akasema alhamdulillahi, ingawa alikuwa Mkristo. Alizoea kuchanganya, kwa sababu ya misiba mingi aliyokaa. Alifariki siku nne baadaye. Sijawahi kumwambia mtu yeyote mazungumzo hayo mpaka ninapoyaandika hapa, na kama kuna adhabu kwa ajili yake nadhani ndiyo hii ninayoishi nayo.

Msibani lilionekana wazi jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifikiria: aliyeandika wasifu za wote amekufa, wake utaandikwa na nani? Wote wakanielekezea mimi, mwandishi. Nilikaa jikoni alipokuwa akikaa yeye. Nikachukua ungo wa mchele, nikachambua. Kisha nikaandika. Ulikuwa wasifu mbaya, mkavu, lakini ulikuwa wangu, na ndani yake nilitia mistari mitatu: kwamba marehemu ndiye aliyeandika maisha ya ukoo huu, kwamba kitabu chenye jina langu ni maneno yake, na kwamba daftari lake lina mambo ambayo kikao hakikuyaona. Nilimpa msomaji. Msomaji alikuwa mtoto wa kwanza wa Kaka, maana ndiye mwenye sauti.

Alisoma vizuri. Alipofika kwenye mistari ile niliona jicho lake likitembea juu ya karatasi na mdomo wake umefungwa, kwa kitambo cha kumeza mate tu, kisha akaendelea na ugonjwa na kifo. Ningeweza kusimama. Nilikuwa hatua tano kutoka kaburini, na darasani nilikuwa na sauti ya kusikika hadi barabarani. Miguu ilikataa, au mimi nilikataa na kuisingizia miguu. Wakamshusha.

Baada ya arobaini nilikwenda Kondoa na daftari. Nilimkuta binti wa Kaka kwenye kibanda chake sokoni, anapima kitambaa kwa mteja. Aliniona, akamaliza kupima, akakata, akakunja, akamuaga mteja.

"Shikamoo mwalimu," alisema.

Hakusema shangazi, na nililisikia hilo lilivyoingia. Nikaitikia. Nikamfungulia daftari upande wa nyuma, nikamwonyesha. Alisoma akiwa amesimama, kidole chake kikifuata sahihi ya baba yake hadi mwisho wa mkia wake.

"Lilikuwa wapi?"

"Kwangu."

"Siku ya kikao?"

"Kwangu, kabatini."

Aliuliza hayo bila kupandisha sauti. Ningependa angenitukana. Nikaanza kumweleza habari za kitabu, kunakili, jina, hofu, na nilipokuwa nasema nilijisikia mwenyewe jinsi yote yalivyokuwa madogo, mambo ya mtu aliyezoea kusifiwa. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Shamba wameshaliuza," alisema. "Aliyenunua ameshapima, ameshatia bikoni za mipaka. Nilipita mwezi uliopita, wameng'oa hata ile miti aliyopanda baba."

"Tunaweza kwenda mahakamani. Nitasema."

"Labda tutakwenda. Sijui. Kesi inataka mtu mwenye muda." Akavuta kigoda, akanisukumia. Akatoa daftari la hesabu za duka, akachana karatasi, akaniwekea kalamu juu yake. "Kwanza andika. Andika kwa mkono wako kwamba mimi ni nani. Daftarini kuna jina la nyumbani tu, hilo mahakamani halifai. Wanataka majina matatu."

Nikaandika tarehe. Nikaandika, mimi ninayetia sahihi hapa chini, nathibitisha kwamba. Hapo nikakwama. Nilikuwa nimeandika kitabu kizima cha ukoo, mababu wa vizazi vitano, ng'ombe wao na safari zao, na mtoto wa kaka yangu wa tumbo moja, aliyenipa shikamoo mbele ya watu nikamkana, nilikuwa simjui jina.

Aliona. Alinitajia la kwanza polepole, herufi kwa herufi, kama anavyotajiwa mgeni ofisini. La pili lilikuwa la kaka yangu. La tatu alilitaja huku akinitazama usoni, nalo lilikuwa la baba yangu mzazi. Nikayaandika yote matatu.